Mkeka Juu ya Meza ya Ofisa

Jumanne, kabla ya kwenda sokoni Majengo, nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya serikali. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anaeleza kwamba nyumba aliyopanga imejengwa palipokuwa na kituo cha mafuta. Mvuke wa petroli unapanda kwenye nyufa za sakafu, na watoto wanaamka na kizunguzungu.

"Matangi yalishafukiwa, mama," ofisa akajibu bila kuinua macho. "Fungua madirisha."

Mama akakunjua mkeka wanaoulalia watoto, unaonuka petroli, akautandika juu ya mafaili ya ofisa. Ofisa akaziba pua kwa tai.

"Toa hiki kitu nje. Kinaniumiza kichwa."

Mtu mzima dakika moja imemshinda. Watoto wanaoulalia kila siku, dawa yao ni dirisha.