Deki ya Ambilikile Kibona

Ambilikile Kibona, seremala wa vitanda pale Tunduma, alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba wapo waliomaliza kununua kitanda bila kuisikia sauti yake. Bei aliiandika kwa penseli juu ya ubao. Kwenye vikao vya mtaa alikaa jirani na mlango, ili akitaka kutoka asilazimike kumwambia mtu samahani. Lakini ukimgusia habari za deki yake, hapo ujue umefungua bomba.

Deki hiyo ya kaseti aliinunua mwaka 1992 ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Mzambia mmoja aliyestaafu kazi ya mgodini. Ilikuwa ya Kijapani, rangi ya fedha, nzito kama gunia la maharage. Ilikuwa na vichwa vitatu vya kusomea kanda, wakati redio za wenzake zilijikongoja na kimoja au viwili, na mishale miwili iliyocheza kila muziki ulipopanda. Kila Jumamosi alivifuta vichwa vile kwa pamba na spiriti. Mkewe Ketrina alisema ndani ya nyumba ile hicho ndicho kitu pekee kilichooga bila kupigiwa kelele.

Deki ilimpa cheo. Mtu akitaka kununua redio kaseti, alimchukua Kibona akaisikilize kwanza. Kibona alikwenda na kanda yake anayoijua kama jina lake, akaiweka, akafumba macho, akainamisha kichwa. Kisha alitoa hukumu kwa neno moja: "Inaburuza." Maana yake redio inazungusha kanda polepole, sauti zinalegea. Katika miaka kumi na moja alizipitisha redio mbili tu.

Aliyeumia ni Zahoro, mtu wa Kondoa, mwenye duka la redio karibu na stendi. Siku moja ya mwaka 2003 alikuja mchimba dhahabu kutoka Mkwajuni, fedha mkononi, akasema lakini ngoja kwanza fundi asikilize. Kibona akasikiliza. Fedha zikarudi mfukoni. Zahoro akatoka nyuma ya kaunta.

"Fundi Kibona, kaka yangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Redio zangu zimetoka viwanda mbalimbali, zimepita njia mbalimbali, zikifika hapa zote zinaburuza. Au ninayeburuza ni mimi?"

Waliokuwepo wakacheka. Zahoro akasema Jumamosi saa nne deki iletwe dukani. Kanda ya dakika sitini ina nusu saa kila upande, na saa ya mkononi haina ndugu. Kibona akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi aliamua kuipima deki nyumbani, si kwa wasiwasi, bali kwa heshima. Ketrina alikuwa anachambua mchele. Upande wa kanda ukaisha kwa dakika ishirini na nane. Akaweka kanda nyingine, ishirini na nane. Akailaumu saa ya ukutani, akaibadilisha betri. Ishirini na nane.

Akakaa chini. Kumbe redio za watu hazikuwa zinaburuza. Deki yake ndiyo iliyokuwa inakimbia, na sikio lake lilikimbia nayo miaka yote hiyo. Vitanda kila mtu anaweza kutengeneza. Kitu kimoja tu ndicho watu walichomfuatia yeye, na keshokutwa kingeondoka mbele ya stendi nzima.

"Baba Erica, mimi niliona zamani," Ketrina alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Kanda ya kwaya yetu, kanisani naiimba vizuri. Kwenye deki yako inanipandisha mpaka shingo inauma."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani mashine za bei mbaya ndivyo zinavyoimba."

Kibona akachukua bisibisi ndogo. Nyuma ya mota palikuwa na kitundu, na ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Akaizungusha kidogo, akapima, akaizungusha tena, hadi upande ukaisha kwa nusu saa kamili. Akalala usingizi mzuri.

Jumamosi Zahoro alifungua kanda mbili mpya mbele ya watu, moja akaiweka kwenye deki, nyingine kwenye redio yake. Zilikuwa tupu. Kwa hiyo umati wa Tunduma ulisimama juani nusu saa nzima ukisikiliza kimya, wengine wakitafuna karanga, wengine wakitingisha vichwa kama waliosikia kitu. Mwishoni kitufe cha deki kikaruka, ta, na cha redio kikaruka, ta, kwa pamoja. Watu wakapiga makofi. Kibona akaanza kukunja waya wake.

Ndipo Rubeni, fundi viatu wa jirani, alipouliza, "Sasa kama zimelingana, inayoburuza ni ipi?"

Kibona akasimama na waya mkononi. Angeweza kunyamaza, watu walishamzoea hivyo. Lakini Zahoro alikuwa anamtazama.

"Deki yangu ilikuwa inakimbia," akasema. "Nimeirekebisha juzi. Redio za Zahoro ni nzima. Na zile nilizozikataa zamani, nyingi zilikuwa nzima."

Ukiacha sifa za deki, lilikuwa tamko lake refu kuliko yote mjini pale. Zahoro alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Rubeni hakucheka.

"Na yangu uliyoikataa mwaka tisini na sita?"

"Nzima, kaka."

"Niliigawa bure kwa shemeji yangu kule Ndalambo."

Jumapili Rubeni akamchukua Kibona hadi Ndalambo. Njiani alimwomba jambo dogo tu: aisikilize ile redio mbele ya shemeji na kusema ni mbovu mno, haifai hata kukaa ndani, ili yeye Rubeni ajitolee kuiondoa. Kibona hakujibu, na Rubeni akadhani amekubali.

Shemeji mtu akaitoa redio. Kibona akafumba macho, akasikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza.

"Iko sawa kabisa," akasema. "Itunze."

Rubeni akatazama shamba la mahindi. Shemeji alifurahi sana, akakimbilia kwa jirani zake, akarudi na redio zao mbili.

"Na hizi, fundi?"