Damu ya Chepchumba

Alexander arap Siele alikuwa karani wa kupima majani chai katika kituo kimoja huko Kimulot, na hakuna mkulima aliyewahi kumsifu kwa upole. Jani lenye maji alilirudisha, jani lililokomaa alilirudisha, na kikapu kilichoshindiliwa alikimwaga chini na kukichambua mbele ya watu. Mama mmoja alisema karani huyo akifika mbinguni atawarudisha malaika kwa sababu mabawa yao yamelowa umande. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tano, alipoanza kuchoka bila kazi, kutokwa damu kwenye fizi na kuota madoa ya zambarau miguuni, wapo walionong'ona kwamba wakulima wamemlaani.

Haikuwa laana. Uboho wake, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa na inayotengeneza damu, ulikuwa umegoma. Madaktari wa Nairobi walimwambia kwamba dawa iko moja: apandikiziwe uboho wa ndugu wa tumbo moja, tena anayelingana naye, na kazi hiyo hufanyiwa India. Ndugu wanne walipimwa. Aliyelingana alikuwa dada yake mkubwa, Chepchumba, aliyeolewa Chebunyo na mfugaji aitwaye Noah.

Chepchumba alikuwa mtu wa amri tangu utotoni. Ndiye aliyemfundisha Alexander kuoga, kusoma na kunyamaza. Alipoletewa habari hakuuliza atachomwa wapi. Alisema wachukue wanachotaka, ila huyo kijana asije akamshukuru, maana atamliza, naye hapendi kulia mbele ya watu.

Kanisa likafanya harambee, na ndugu hao wawili wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Huko India dawa kali ziliua uboho wa zamani wa Alexander. Kisha siku ya siku ikafika. Alikuwa ameandika wasia akitarajia kupasuliwa kuanzia shingoni, lakini nesi alikuja na mfuko mmoja mwekundu, akautundika, na uboho wa dada yake ukaingia mshipani kimyakimya kama maji ya dripu.

“Ni hiyo tu?” Alexander aliuliza, karibu kwa kuudhika.

Iliyobaki ilikuwa kungoja na kuhesabu. Kila asubuhi walimtoa damu na kumwambia idadi ya chembechembe zake nyeupe, zile zinazolinda mwili. Siku kumi na sita za kwanza zilikuwa karibu na sifuri. Siku ya kumi na saba zikaonekana mia mbili. Askari wa mbele wa kundi hilo, yaani zile chembe zinazowahi vijidudu kwanza, walipovuka mia tano siku tatu mfululizo, daktari alimpa mkono na kumwambia uboho umeshika. Alexander aliandika yote katika daftari lenye mistari ileile aliyotumia kuandikia kilo.

Alirudi nyumbani baada ya miezi minne, mwembamba, kipara, amefunika mdomo kwa kitambaa, na orodha ndefu ya makatazo. Nyama isiyoiva vizuri, hapana. Misongamano, hapana. Kilichomuumiza zaidi ni mursik, maziwa yanayochachushwa kibuyuni. Mkewe, Winny, alipiga marufuku kibuyu cha maziwa hayo nyumbani, na Alexander akawa anatembelea majirani ili anuse tu.

Kila Alhamisi alikwenda kupimwa katika hospitali ndogo ya misheni. Mtu wa maabara alikuwa Kepher Ojwang, mzaliwa wa upande wa ziwa, mtaratibu kama saa ya ukutani. Wakati huo mashine ya kuhesabu damu ilikuwa imeharibika, kwa hiyo Kepher alihesabu kwa jicho, uso kwenye hadubini, kidole gumba kikibofya kihesabio cha mkononi. Alikuwa amepata mteja asiye wa kawaida. Alexander alikaa kando yake kwenye stuli na kusikiliza mibofyo, na mara mbili alimwambia arudie kwa sababu aliona amepepesa macho.

“Mzee,” Kepher alimwambia, “mimi sikuji kwa mizani yako.”

“Ukikuja nitakuonyesha yote,” Alexander akajibu, akiwa na maana hasa.

Kepher aliona heri amwachie achungulie. Tangu hapo wakaelewana. Alexander alijifunza mambo matatu ya kuulizia: chembe nyeupe, vigandisha damu, na wekundu wa damu. Wakulima nao wakajifunza. Akipita kituoni jioni ya Alhamisi walimwita kutoka kwenye foleni wamwulize vigandisha viko ngapi. Vilipofika elfu themanini walipiga makofi. Wiki viliposhuka hadi sitini, yule mama wa malaika alimwambia labda vimelowa umande, avirudishe.

Mwezi wa sita tangu apandikiziwe, hospitali ilitaka kuandika upya kadi za wagonjwa. Kepher akapima grupu ya damu ya Alexander, jambo la dakika chache. Kadi ya zamani ilisema A. Kibao cha kupimia kilisema O. Akapima tena, akabadilisha dawa, akapima mara ya tatu. Kisha akapima maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu chembe zikitua, na maji yakajibu kana kwamba mwenyewe bado ni A.

Kepher alifunga mlango wa maabara. Siku hizo vijana wenye kutafuta kazi na kudaiwa cheti cha afya waliwahi kutuma ndugu zao wakatolewe damu kwa niaba yao, naye hakupenda kuchezewa.

“Bwana Siele, hii damu ni ya nani?”

“Umeitoa wewe mwenyewe. Shimo hili hapa.”

“Nimetoa, lakini si yako. Chembe zinasema ingine, maji yanasema ingine.”

Alexander alisimama. Katika miaka kumi na minne ya kushuku vikapu vya watu, hakuna aliyewahi kumshuku yeye. Alisema kwa sauti ya juu kwamba hajawahi kuchanganya chochote na chochote. Wagonjwa nje wakausogelea mlango wasikie. Winny, aliyekuwa kwenye benchi, akaingia bila kubisha hodi na kumwuliza mumewe bahasha ya India iko wapi.

Ilikuwa na kurasa sita. Alexander alikuwa amempa Kepher ukurasa wa kwanza tu. Zile tano alizifungia kwenye sanduku zisije zikachafuka, na pia kwa sababu hakuna aliyeziomba kwa maandishi. Winny alizileta kesho yake. Kwenye ukurasa wa nne ilikuwa imeandikwa wazi: dada ni O, damu ya mgonjwa itageuka polepole iwe O, na kugeuka huko ni dalili kwamba uboho mpya umetawala. Maji ya damu hayatafuata kabisa, kwa kuwa mwili wenyewe umebaki wa A.

Kepher alisoma mara mbili, akavua miwani. “Pole sana, mzee. Kumbe hii ndiyo habari nzuri kuliko zote. Wewe ni Chepchumba.”

Habari hiyo ilifika Kimulot kabla ya Alexander. Kwenye foleni ya kituo walitaka kujua kama sasa atajiunga na chama cha akina mama kanisani. Mzee mmoja alimchukua kando na kumwuliza, kwa huruma ya kweli, kama sauti bado ni nzito asubuhi. Jumapili Noah akaja na mkewe kutoka Chebunyo, akiwa na hoja iliyopikwa ikaiva. Alitoa ng'ombe wa mahari kwa ajili ya damu ile, akasema, na sasa iko Kimulot inapima majani. Angalau ije siku moja imsaidie kuogesha mifugo.

Chepchumba ndiye aliyefaidi. Alimkagua ndugu yake kuanzia kichwani, ambako nywele zilikuwa zimeanza kurudi, akasema hataki damu yake ikae kwenye upepo bila sweta, wala iwapigie kelele wajane juu ya umande. Alexander alitaka kubisha, akaenda kuvaa sweta. Alisema tu, “Sawa, dada,” kwa sauti ambayo Winny hakuwahi kuisikia.

Walipotoka nje kumsindikiza, Alexander alimshika mkono na kuanza, “Chepchumba, mimi nataka kukuambia...”

“Nilikukataza,” dada akasema, akaangalia upande wa msitu wa Mau kwa muda mrefu.

Alhamisi zikawa za mara moja kwa mwezi, kisha mbili kwa mwaka. Mwaka wa tisini na saba Alexander alirudi kazini, bado mkali, ingawa wakulima walidai anarudisha kikapu kimoja pale ambapo zamani angerudisha viwili. Siku Kepher alipomwandikia kwamba hesabu zote ziko sawa na za mtu mzima yeyote, alimwalika nyumbani. Winny aliweka kibuyu mezani. Alexander alijimiminia mursik ya kwanza baada ya miaka miwili, akanywa kikombe kizima, akamsukumia Kepher kibuyu.