Kipande Changu cha Mfereji

Nilirudi likizo Chome, kijijini kwetu milimani, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa na koti zito la Ulaya, udaktari wa fizikia na makala yangu ya kwanza kuchapishwa. Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo mimi daktari nilipanda mlima kwa miguu, sanduku kichwani. Nyumbani nikakuta maharage ya baba yamenyauka.

Kijiji kilikuwa kimemsimamishia zamu ya maji. Sheria ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilikuwa wazi: baragumu likilia, kila nyumba itoe mtu wa kuchimba mfereji. Baba alikuwa na nyonga mbovu, na mimi, mwanawe wa pekee, nilikuwa ughaibuni nikitafuta chembe isiyoonekana kwa macho.

Kamati ya kijiji ikakubali kunisikiliza. Nikithibitisha kwamba huko nilikuwa kwenye kazi ya maana, maji yangerudi. Nikawapelekea makala, na kwa majivuno niliyokuwa nayo nikaona mambo yamekwisha.

Mwenyekiti aliangalia orodha ya waandishi. "Majina sitini na mawili! Wote mmefanya kazi pamoja, bila bwana wala mtwana?"

"Pamoja, Ndugu Mwenyekiti."

Akafurahi mno, akatangaza kwamba hata Wazungu wameanza kuuelewa Ujamaa. Ningetoka pale shujaa, kama asingekuwepo bibi aliyekuwa akipima vipande vya msaragambo kwa kamba. Kwake kila mtu alikuwa na kipande chake cha kuonyesha.

"Kipande chako ni kipi?" akaniuliza.

Nikaeleza kwamba nilikagua picha, maelfu ya picha, kwa miaka minne, kutafuta alama ya hiyo chembe.

"Mkaiona?"

"Hapana, Bibi. Ndicho tulichoandika."

"Watu sitini na wawili mmeandika kwamba hamkuona kitu?"

Kamati ilicheka mpaka katibu akaangusha kalamu. Nikaanza kueleza kwamba kutoona nako ni matokeo. Hapo ndipo waliponipa jembe.

Nilichimba siku mbili, mikono ikatoka malengelenge. Kipande changu kilipinda kama njia ya mlevi, lakini bibi alikipima, akaguna, akakipitisha. Maji yakafika kwenye maharage, nami nikarudi kwenye picha zangu.

Tangu hapo nimechapisha makala nyingi, nyingine hata sikumbuki zilihusu nini. Nikiulizwa mchango wangu kwenye mikutano, nilijibu kwa maneno marefu. Moyoni nilijivunia mfereji. Barua za nyumbani zilisema baba humpeleka kila mgeni pale na kumwambia, "Hapa amechimba mwanangu."

Tulipomaliza kumzika baba, nilikwenda na mama kukiangalia kipande changu. Kilikuwa kimenyooka, kuta zimepangwa mawe. Nikasema sikujua kama nilichimba vizuri namna ile.

"Chako kilibomoka wiki uliyoondoka, mwanangu," mama akasema. "Baba yako alikirudia chote, na nyonga yake ile. Akatukataza tusikuambie."

"Na yule bibi mpimaji, alijua?"

"Ndiye aliyemshikia kamba."

Nikakaa ukingoni nikalia, kwa aibu na kwa mapenzi. Makala zangu zote zina jina langu katikati ya msururu wa majina ya watu. Kazi moja tu duniani ina jina langu peke yake, na si mimi niliyeifanya.