Mvumo Chini ya Sauti ya Byeongju

Kila alipoingia chumba asichokijua, Maeng Kwanho aligonganisha viganja vyake mara moja, kavu, usawa wa kifua, kisha akainamisha kichwa upande kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Alifanya hivyo kwa daktari wa meno, shuleni siku ya wazazi, na hata kwenye ukumbi wa msiba wa mama mkwe wake, mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imeganda kwenye maegesho. Mkewe, Okbun, akiwa ndani ya nguo nyeusi za msiba, alimfinya mkono.

"Unapiga nini?"

"Mbu."

"Mwezi wa pili, Baba Haeri?"

"Basi vigae," alisema. "Ukumbi wote vigae. Ndiyo maana vilio vinasikika vingi kuliko watu."

Nilikuwa nyuma yao na bahasha yangu ya rambirambi, nikatazama sakafu nisije nikacheka.

Kwanho alikuwa fundi wa lifti hapa mjini Wonju kwa miaka thelathini na moja. Alisema lifti haiharibiki ghafla. Hulalamika kwanza kwa miezi, ila wanaopanda wanakuwa wanatazama simu. Jioni alipiga gitaa la besi. Bendi yetu ilikuwa na watu wanne, wote tumepita arobaini: Kwanho; Byeongju, mwenye duka la miwani karibu na soko, aliyeimba; Deokcheol, dereva wa basi la shule, aliyepiga ngoma; na mimi kwenye kinanda. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya kiada kabla havijachapwa, na nilijiunga mwaka ambao nyumba yangu ilibaki na watu wawili, mimi na Seowon, binti yangu. Nilitaka mahali pa kwenda Jumamosi.

Tulirekodi kwa Kwanho, ghorofa ya tisa, Jumamosi mchana, saa ambazo jirani wa ghorofa ya nane alikuwa amekwenda kupanda mlima. Kwa kuwa ngoma za kweli zingemleta mlinzi mlangoni, Deokcheol alipiga boksi la tambi kwa brashi mbili. Rekodi zetu za kwanza zilisikika kama watu wanne walioanguka kisimani na vyombo vyao.

Kwanho ndiye aliyetutoa kisimani. Hakununua chochote. Alizunguka chumba kizima akipiga kofi moja kila kona mpaka akapata mahali ambapo kofi lilikufa haraka, mbele ya kabati la nguo. Akafungua milango ya kabati, akapanga makoti ya baridi ya familia kwa unene, na kumsimamisha Byeongju ayaimbie. Maikrofoni aliiweka shubiri moja na nusu kutoka kwenye mdomo, pembeni kidogo, na mbele yake akavuta soksi ndefu ya Okbun juu ya kiango cha nguo kilichopindwa duara, ili pumzi za herufi P zisipasue rekodi. Mablanketi mawili alimtundikia mgongoni. Halafu akashusha kipimo cha sauti kwenye kompyuta hadi tukadhani amekosea.

"Kaka, huko kutasikika kitu kweli?" Byeongju aliuliza.

"Kikiwa kidogo naweza kukikuza. Kikipasuka, hata mimi sikishoni."

"Na haya makoti ya shemeji? Nayaimbia roho yangu yote, hakuna hata moja linalopiga makofi."

"Ndiyo sababu nimeyachagua."

Siku nyingine Deokcheol alikuja na trei arobaini za mayai, amezikusanya kwenye jiko la shule yake, akataka tuzibandike ukutani maana aliona mahali wamefanya hivyo. Kwanho alimwacha abandike ukuta mmoja. Akapiga kofi. Akainamisha kichwa.

"Vipi?" Deokcheol akauliza.

"Hongera. Sasa tuna banda la kuku lenye mwangwi."

Ilipofika mwezi wa sita, tulikuwa na rekodi ambazo mtu angeweza kusikiliza bila kutuonea huruma. Isipokuwa jambo moja. Chini ya sauti ya Byeongju, hasa pale wimbo unapotulia, palikuwa na mvumo. Mwembamba, ulionyooka, ukija na kupotea. Kwanho aliusikia kabla yetu, na tangu alipousikia hakusikia kingine.

Wimbo wenyewe Byeongju aliutunga mwenyewe, unaitwa "Miwani ya Baba," na una mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza na yeye anabaki na mistari minne, juu kabisa ya sauti yake. Hapo ndipo mvumo ulipokaa. Kwanho alijaribu kuukata kwa kompyuta. Mvumo ukatoka, ukaondoka na kifua cha Byeongju pia. Tukabaki na mtu anayeimba kwa pua.

"Tutapata siku," Deokcheol alisema. "Hatuna haraka."

Byeongju alikuwa anakunja waya. Alisema bila kutuangalia kwamba haraka ipo. Walikuwa wamemkuta na uvimbe kwenye tezi ya shingo, na angepasuliwa mwezi wa saba, Jumatano ya wiki ya tatu.

"Siyo kifo," alisema. "Dada yangu alipasuliwa hiyo hiyo, anakula kuliko mimi. Ila mshipa wa sauti uko jirani kabisa. Daktari kasema huenda nikarudi nilivyo, huenda nikarudi bata."

"Bata wa kuimba wako wengi," alisema Deokcheol, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kwanho hakusema pole. Alifungua daftari lake la kazi, lile la kuandikia makosa ya lifti, akaandika tarehe. Zilibaki Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza aliutafuta mvumo. Aliniomba niutafute kwenye kinanda, na nikaukuta chini kabisa, kama noti ya Si iliyoshuka kidogo. "Huo ni umeme," alisema. "Hata lifti zangu huimba hapo hapo." Akaanza kuzima vitu nyumbani mwake kimoja kimoja, huku akisikiliza kwa hedifoni: mashine ya kuchuja maji, jiko la wali, feni ya choo, kiti cha choo chenyewe, kinachopashwa moto kwa umeme. Mvumo ukabaki. Alizima hadi saa ya ukutani. Okbun alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, wali wake umeachwa nusu.

"Ukimaliza uzime na mimi," alisema.

Mimi ndiye niliyefungua mlango wa roshani kutafuta hewa, na Kwanho, hedifoni masikioni, akageuka kana kwamba nimempiga. Pale roshani, kati ya mashine ya kufua na ndoo za pilipili, lilikuwako friji la kimchi, zile kabichi za chumvi na pilipili zinazotunzwa kwenye baridi zisichache kupita kiasi. Kila nyumba ya jengo lile ina moja. Mtu anaweza kusikia kikohozi cha jirani kupitia ukuta asisikie friji lake mwenyewe la kimchi. Lile lilivuma tangu Kwanho alipohamia. Fundi aliyeweza kutaja gurudumu lililochoka kwa kusikiliza mlangoni alikuwa amelipita lile kila siku kwa miaka kumi na minne.

Akainama kushika plagi. Okbun akasema, "Usiguse."

Ndani ya friji lile, kwenye chombo cha chini kushoto, kulikuwa na kabichi za mwisho alizotengeneza mama yake. Alizitengeneza mwezi wa kumi na moja, amekaa juu ya kigoda kwa sababu kiuno hakikumruhusu kusimama, na mwezi wa pili tukamzika. Okbun alikuwa akila jani moja kwa wiki. Alitaka zifike kumbukumbu ya mwaka mmoja, ndugu zake wote wakiwa mezani.

"Saa mbili tu, Mama Haeri," Kwanho alisema.

"Joto hili?"

"Kwa saa mbili hata barafu haitajua."

Okbun alimtazama Byeongju, ambaye alikuwa anajifanya kusoma lebo kwenye ndoo ya pilipili. Akafikiri wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alikataa. Jumamosi ya tatu, siku nne kabla ya upasuaji, alikuwa na zamu kanisani na baada ya hapo anakwenda kwa dada yake hadi Jumanne. Akiwa anavaa viatu alisema, "Saa mbili. Na uliwashe wewe mwenyewe, usimwachie mtu."

Kwanho alijijua. Alichomoa plagi, kisha akaweka ufunguo wake wa kazi, ule wa kufungulia milango ya lifti, juu ya kile chombo cha chini kushoto, akafunga friji. "Bila ule siendi popote," alituambia. "Nikiufuata, nitalikumbuka friji."

Nimewahi kusahihisha vitabu vingi vinavyoeleza ukimya, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na ule wa chumba kile. Byeongju alisimama mbele ya makoti. Aliimba mara tatu. Ya tatu, kwenye ile mistari minne, hakukuwa na kitu chini yake kabisa. Sauti yake ilikuwa imesimama peke yake kama mtu kwenye kiwanja kitupu. Alipomaliza, Deokcheol alikuwa bado ameshika brashi zake hewani.

Simu ya Kwanho ikaita. Lifti imekwama kwenye jengo la karibu na mto, ndani kuna mama mjamzito na mkwewe. Kwanho akakimbilia roshani, akafungua friji, akachukua ufunguo, akafunga, akatoka na kiatu kimoja hakijaingia vizuri. Sisi tukakusanya vyombo. Nilifunga mlango wa roshani mwenyewe, nikiwa bado nimejaa wimbo ule masikioni. Kulikuwa kimya kule, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Jumanne Okbun alirudi. Kwanho alinisimulia baadaye, kwa sauti ile ile aliyotumia kusimulia kamba ya lifti iliyokatika. Okbun alifungua kile chombo, povu likapanda. Akachana jani, akatafuna, akakaa kwenye kigoda cha mama yake.

"Sema kitu," Kwanho alimwambia.

"Niseme nini? Imechacha."

"Nilikuwa na ufunguo mle ndani."

"Na ufunguo umeupata?"

"Nimeupata."

"Basi."

Hakupiga kelele. Alitoa sufuria yake kubwa kuliko zote, akakata kabichi zote, na nyama ya nguruwe, akatupigia simu mmoja mmoja. Kimchi iliyochacha hivyo haiwezi kukaa mezani, lakini kwenye sufuria inafaa. Tulikula saa kumi na moja jioni, kabla ya saa aliyoambiwa Byeongju aache kula. Mchuzi ulikuwa mkali hadi machozi yakatutoka, na hilo lilimfaa kila mmoja.

"Mama aliweka kamba wengi wa baharini," Okbun alisema. "Siku zote alizidisha. Mnasikia?"

"Tunasikia, shemeji," Byeongju akasema.

"Kuleni mmalize. Sitaki kuona jani hata moja kesho."

Kisha akataka kusikia huo wimbo. Kwanho alisita, akauweka. Okbun alisikiliza mpaka ile mistari minne, kijiko mkononi. Wimbo ulipokwisha alisema, "Kumbe una sauti, wewe Byeongju. Miaka yote nilidhani unapiga kelele," akainuka kuongeza wali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sauti haikurudi ilivyokuwa. Siyo ya bata. Ni ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Anauza miwani vizuri tu, lakini ile mistari minne haifiki, na tulipoanza tena aliimba chini, mimi nikashusha kinanda kumfuata. Rekodi ile ya mwezi wa saba ndiyo pekee.

Okbun hakumsamehe kwa maneno. Kilichobadilika ni kwamba Jumamosi za kurekodi alikaa nyumbani, na saa mbili zikiisha alikuja kusimama mlangoni, mikono nyuma. Kwanho naye aliacha kuweka ufunguo frijini. Aliweka miwani yake. Alisema ufunguo unaweza kuuchukua ukiwa mbioni, lakini miwani ikitoka kwenye baridi vioo vinafunikwa na mvuke, lazima usimame uifute, na ukisimama unakumbuka.

"Miwani niliyompimia siku nzima," Byeongju alinong'ona kwa ile sauti yake mpya, "inalala na kabichi."

Kwanho alifariki mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja. Lifti ya jengo la ghorofa kumi na tano ilikuwa imekufa, akapanda kwa ngazi na mfuko wa vifaa, na moyo ukasimama kati ya ghorofa ya kumi na ya kumi na moja. Ukumbi wa msiba ulikuwa ule ule wenye vigae. Okbun alipoingia alisimama kidogo katikati, akainua mikono usawa wa kifua, halafu akaishusha, akaenda kukaa mahali pake.

Siku mbili kabla Kwanho hajafa nilikuwa nimerekodi kinanda changu nyumbani kwangu mara ya kwanza, kwa sababu Seowon alikuwa na homa na sikuweza kutoka. Kwanho alinielekeza kwa simu: nipige kofi kila kona, nitundike mablanketi, nichomoe plagi ya friji. Nikamtumia. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alipiga kutoka kazini, upepo ukivuma kwenye simu. Alisema imefika, ni safi, ila mkono wangu wa kushoto unakimbia kidogo kuelekea mwisho. Nikasema nitaurudia. 

"Mama Seowon," akasema, "friji umeliwasha?"