Jumamosi ya Shangazi, Jumapili ya Baba

Nafundisha somo la Biblia katika sekondari moja hapa Musoma, na kila mwaka tukifika mada ya asili ya Ukristo najua kutakuwa na fujo. Nawaambia wanafunzi kwamba Yesu alikuwa Myahudi. Alizaliwa Myahudi, akatahiriwa Kiyahudi, Jumamosi alikuwa sinagogini, na karamu yake ya mwisho na wanafunzi wake ilikuwa ya Pasaka. Mitume nao walikuwa hivyo hivyo, na amina na haleluya tunazozipigia makofi walizitoa katika sala za Kiyahudi. Kuna mmoja huwa hakosi kunyoosha mkono: "Madam, kwa hiyo alikuwaga hali mumi?"

Mumi ndiye kambare wetu wa ziwani. Hana magamba, na kitabu cha Walawi kinamkataa bila aibu. Nikijibu kwamba hakumla, darasa zima linaguna kwa huruma, maana kwa mtoto aliyelelewa kando ya ziwa, hilo ni pigo.

Darasani tunacheka. Nyumbani kwetu Mugango jambo hilo hilo liliwatenganisha watu wawili ninaowapenda kuliko wote, na nusura liniharibie sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa.

Wa kwanza ni Baba. Ni mvuvi aliyestaafu, Mkatoliki, mtu wa Jumapili kwelikweli, na mbishi kiasi kwamba akikosa wa kubishana naye hubishana na redio. Wa pili ni Shangazi, dada yake mkubwa. Aliolewa Bunda, na huko akaingia kanisa linalosali Jumamosi. Ana duka la vitenge sokoni. Wiki nzima utamsikia akiita wateja kwa sauti, lakini Ijumaa jua likielekea kuzama anafunga milango, anaoga, na hutamwona akiwasha moto wala kushika mkasi mpaka jua la Jumamosi lizame.

Mama alipofariki nilikuwa bado mdogo, na Shangazi ndiye aliyenichukua Bunda akanilea mpaka nikamaliza shule. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa siku mbili. Muhula wote nilisali Jumamosi, likizo nikasali Jumapili, na wiki ya kufunga shule nilisali zote mbili mfululizo nikiwa nimevaa gauni lile lile. Sijawahi kuona ubaya wake.

Ugomvi wao ulianzia msibani kwa Bibi, mama yao. Maziko yalikuwa Ijumaa mchana, wageni wakajaa uani, na Shangazi, akiwa binti mkubwa, ndiye aliyetazamiwa kusimamia majiko. Jua lilipoanza kushuka alinawa mikono, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akakaa kwenye mkeka. Sufuria zikabaki hapo. Baba alikasirika kupita kiasi. Kesho yake akaamuru wapike mumi, akampelekea dada yake sahani mbele za watu huku akijua vizuri kabisa kwamba hatamla. Shangazi aliitazama ile sahani, akaifunika, akaisogeza pembeni. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula chakula cha mkono wa mwenzake. Salamu zilikuwepo, kutembeleana kulikuwepo, lakini Baba akifika Bunda "ametoka kula sasa hivi", na Shangazi akifika Mugango "tumbo linamsumbua". Watu wazima hao!

Kisha nikapata mchumba, kijana wa Butiama, na familia zikakubaliana kwamba sendofu yangu ifanyike uani kwa Baba. Kwetu binti anayeagwa anabaki ndani mpaka shangazi yake aje amshike mkono amtoe nje mbele ya wakwe. Mimi kushikwa mkono na mwingine nilikuwa sitaki hata kusikia. Aliyenisuka, aliyenifundisha kuparua magamba ya sato, aliyekaa nami nilipougua malaria, ni yule mama wa Bunda.

Baba akapanga Jumamosi saa nane mchana.

"Baba, Shangazi hawezi saa hizo."

"Hawezi au hataki? Yesu alishayamalizaga hayo ya Wayahudi. Mwambie aache ukorofi."

Shangazi naye kwenye simu alisema kwa upole ule wake unaochoma: "Mwanangu, nakupenda. Ila Sabato siyo yangu niigawe." Nikasikia anapenga kamasi. Alikuwa analia, na mimi nikalia, kisha nikakasirika. Nilikasirikia Jumamosi na Jumapili kwa pamoja.

Wiki hiyo Baba alikuja mjini akalala kwangu Nyakato, kama afanyavyo mara nyingi. Na kama kawaida yake, Jumamosi jioni alikwenda misa ya jioni ili Jumapili asubuhi awe huru kwenda mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, kuwakosoa wavuvi wa siku hizi. Aliporudi nilimwekea ugali, nikakaa mbele yake.

"Baba, misa uliyotoka kusali ni ya Jumamosi au ya Jumapili?"

"Ya Jumapili. Kwani we hujui?"

"Lakini leo Jumamosi."

"Jua likishazama inahesabikaga Jumapili. Padri kasema."

"Na padri kapata wapi?"

Akaacha kutafuna. Nikamweleza taratibu. Wayahudi huihesabu siku kuanzia jioni, kwa sababu Mwanzo inasema ikawa jioni ikawa asubuhi. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, wakaendelea na hesabu hiyo hiyo, na ndiyo maana hata mkesha wa Pasaka unaanza giza likiingia. Nikamkumbusha majirani wa Shangazi, Waislamu wa Bunda, ambao mwezi ukiandama jioni kwao mwezi mpya umeshaanza. Nikamwambia pia kwamba mitume wawili wakubwa waligombana hadharani kuhusu nani akae meza moja na nani, na huo ugomvi uko ndani ya Biblia yake anayoibeba kwapani.

"Kwa hiyo unataka kusema mimi ni Myahudi," alisema.

"Nataka kusema Jumamosi jioni Sabato ya Shangazi imeisha na Jumapili yako imeanza. Hakuna aliyeshindwa."

Alimaliza ugali wote bila kunitazama. Akanawa. Akasema, "Jua likizama basi. Likizama tu, tunaanza. Wakwe wana safari ya kurudi Butiama, sitawakesheza kwa ajili ya dada yangu." Ndivyo Baba anavyosema sawa.

Siku yenyewe ilifika. Shangazi alikuwa ametoka Bunda tangu Ijumaa mchana, akafikia kwa muumini mwenzake nyumba ya pili kutoka kwetu. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa, nimepakwa, nachungulia kupitia pazia. Wakwe wakafika, wakapewa soda. Mpiga muziki akafika na maspika yake.

Halafu wingu likatanda juu ya ziwa. Kukawa giza la ghafla, taa zikawashwa uani, mshereheshaji akashika maiki akatangaza kwamba bwana, jua limezama, sherehe inaanza. Muziki ukalia. Watu wakageuka kutazama njia atakayopita Shangazi. Njia ilikuwa tupu. Nikasikia mama mmoja wa upande wa wakwe akisema, "Kwani huyo shangazi mtu ana nini?" Mwingine akasema waniletee mtu yeyote anitoe, mikono si ni ile ile? Na wifi yangu mtarajiwa akaanza kusogea kuelekea mlangoni. Nikaushika mlango kwa ndani.

Nilimtafuta Baba kwenye kiti chake sikumwona. Alikuwa amevuka uani na suti yake, ameshuka mpaka kule mitumbwi inakovutwa, amesimama amekunja uso anatazama ziwa. Mzee huyu amelitazama jua hilo akiwa majini tangu hajaota ndevu. Akapanda kurudi kwa hatua kubwa, akaenda moja kwa moja kwa mpiga muziki.

"Zima."

"Mzee, jua si—"

"Hilo ni wingu. Jua bado lipo kwa nyuma, mi nalijua. Zima hiyo kitu. Bado ni Sabato ya dada yangu."

Muziki ukakatika. Wakwe walikaa na soda zao. Baba akasimama hapo hapo, mikono nyuma, akilinda kimya. Wingu likapasuka chini kidogo na kweli jua likaonekana, jekundu, linagusa maji. Likazama lote. Ndipo Baba alipotoka yeye mwenyewe kwenda nyumba ya pili. Alirudi nyuma ya dada yake akiwa amembebea hotipoti.

Shangazi aliingia chumbani, akanitazama, akanirekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. "Jua limechelewa kidogo," alisema, tukacheka, tukatoka.

Chakula kilipogawiwa kulikuwa na pilau na nyama ya ng'ombe ya kutosha kijiji. Baba hakugusa. Aliivuta ile hotipoti, akaifungua. Ndani kulikuwa na sato wa kukaanga, wamekauka vizuri, waliopikwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Shangazi alikuwa amewabeba bila kumtajia mtu, na bila kujua kama kuna atakayekula. Baba alichukua mmoja akaanza na kichwa, kama alivyofundishwa na mama yao. Alikula polepole mpaka mifupa ikabaki mitupu. Shangazi hakula chochote, alikuwa anamtazama tu.

Kisha Baba akalamba vidole, akageuka, akauliza kwa sauti ya mdogo mtu: "Dada, kuna mwingine?"