Askofu na Sponji ya Bwana Afya

Mbaabu alistaafu akiwa hajawahi kutia mdomoni kitu chochote kilichopikwa soko la Kianjai, na hilo alilihesabu miongoni mwa mafanikio yake.

Alikuwa bwana afya, kwanza Embu, kisha Kiritiri na Ishiara, na mwishowe kwao Tigania, Kianjai ikiwemo. Kazi yake ilikuwa kutafuta uchafu, naye alijaliwa kuupata kila alikokwenda. Mlio wa pikipiki yake ukisikika njia panda, wauza nyama walivaa makoti meupe ambayo siku nyingine yalilaliwa na kuku, na wenye mikahawa wakakumbuka ghafla mahali walipoweka sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Ni vile tu aliona vijidudu pale ambapo wenzake waliona chakula.

Siku ya kuagwa alipewa saa ya ukutani na hotuba. Mwaka uliofuata binti yake Kanana, aliyekuwa mhasibu mjini Embu, alipata kazi Doha, akamletea samaki. Walikuja na tangi la kioo ambalo Kanana alilinunua hoteli fulani ilipofungwa. Liliingizwa sebuleni na wanaume wanne, na kochi la wageni likahamishiwa chumbani. Celina, mkewe Mbaabu, alilizunguka, akasema humo mtu mzima angeweza kuoshwa na kukafiniwa bila kukunjwa.

Ndani mliogelea samaki wa dhahabu watano, wanene, wa kupendeza macho. Mkubwa wao alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa kofia nyekundu kichwani, na kwa sababu hiyo aliitwa Askofu. Kanana alimnunua kwa mshahara wake wa kwanza, akiwa mdogo kama kidole gumba.

"Baba," Kanana alisema mlangoni, mkoba begani, "wengine wakifa nitalia. Askofu akifa, sijui."

"Utarudi Disemba utamkuta. Nimetunza afya ya tarafa nzima. Samaki watano ndio watanishinda?"

Majirani walikuja kutazama. Kwa watu wa milimani samaki ni kitu cha mkebe, kwa hiyo kila mgeni aliuliza swali lile lile kwa adabu ile ile: "Watakuwa tayari lini?"

"Hawa si wa kula."

"Aa. Sasa ni wa nini?"

Mbaabu alimmiminia mgeni chai.

Chujio alilonunua Kanana lilikuwa na mota. Halikumaliza mwezi. Umeme ulipotea siku mbili, ukarudi na hasira, mota ikaungua, na maji yakaanza kufanana na chai ya rangi. Mbaabu alimpigia simu kijana wa Embu aliyewauza wale samaki. Kijana akamwambia atumie sponji: unaichomeka kwenye bomba, pampu ndogo inasukuma hewa, mapovu yanapanda, na maji yanavutwa kupitia sponji na kuacha uchafu humo.

"Lakini za kwangu ni ndogo, mzee, kama kipande cha sabuni. Tangi kama hilo, na hao samaki wako walafi, inataka kubwa kabisa. Labda ujitengenezee."

Ya kwanza aliikata kwenye godoro la wageni. Ilielea siku nzima kama mtu anayejua kuogelea, kisha ikavimba, ikaziba, ikazama. Celina aliuliza kwa nini godoro lilikosa kona. Mbaabu alijibu kwamba ni kwa sababu za kiafya.

Ya pili ilitoka kwa Mutembei, fundi wa pikipiki pale stendi, aliyekuwa na sponji mpya nyeusi za kuchujia hewa ya injini, zenye matundu makubwa.

"Hii ukipuliza huku, unasikia upepo upande ule," Mutembei alisema. "Lakini mzee, sita? Kwani hizo samaki ziko na pikipiki sita?"

"Nifungie."

"Nafunga. Mimi nauliza tu, nisije nikapata mashindano hapa stendi."

Mbaabu alizitoboa katikati, akazipanga moja juu ya nyingine kwenye bomba lenye vitundu, akalifunga bomba juu ya kigae ili lisielee. Likasimama tangini kama kigunia cha makaa, likitoa mapovu. Baada ya siku nne maji yalikuwa angavu kiasi kwamba alisoma kalenda ya kanisa kupitia tangini, sikukuu zote.

Na kwa kuwa kitu kinachokusanya uchafu ni kitu kichafu, kila Jumamosi aliitoa sponji yake, akaichemsha, akaisugua kwa sabuni, akailaza kwenye klorini, akaianika juani. Jirani akipita, alimwonyesha.

Hapo ndipo samaki walipoanza kufa.

Walikufa katika maji ambayo Mbaabu mwenyewe angeyapitisha. Wa kwanza alizikwa chini ya mgomba, wa pili kando yake. Kanana alipopiga simu ya video, Mbaabu aliiweka simu karibu na uso wa Askofu na kuisogeza haraka haraka, ili binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu, asipate nafasi ya kuhesabu. Wa tatu alipofuata, Askofu naye alianza kukaa juu juu ya maji, ubavu mmoja ukiwa umeinuka, akihema. Mbaabu akampigia tena kijana wa Embu.

"Mzee, hiyo sponji unaosha na nini?"

Mbaabu alimweleza, hatua kwa hatua, kwa fahari kidogo. 

"Umeua wote," kijana akasema.

"Wamekufa watatu tu."

"Sisemi samaki. Kuna vijidudu vinakaa ndani ya sponji..."

"Vijidudu navijua."

"Hivi ni vizuri, mzee. Vinakula ile sumu ya mkojo wa samaki. Bila hivyo maji yanaweza kung'aa na bado yaue. Na wewe kila Jumamosi unavichemsha."

Mbaabu akaketi. Maisha yake yote vijidudu vilikuwa upande ule na yeye upande huu, na hakuna afisa hata mmoja, katika semina zote alizohudhuria, aliyewahi kumdokezea kwamba baadhi yavyo vilifanya kazi moja naye.

"Sasa?"

"Punguza maji kila siku uongeze mapya, upate muda. Halafu tafuta bwawa la zamani lenye samaki, uizamishe hiyo sponji wiki kadhaa ichafuke vizuri. Usiioshe."

"Na magonjwa ya bwawani?"

"Magonjwa ni labda, mzee. Vile unaenda sasa, hakuna labda."

Miaka ya nyuma, watu walipohimizwa kuchimba mabwawa ya samaki, nusu ya Kianjai ilichimba. Sasa karibu yote yalikuwa yamegeuzwa mashamba ya nduma. Moja tu ndilo lililobaki na samaki, nalo lilikuwa la Karwirwa, muuza uji.

"Nenda kwake," Celina alisema.

"Haiwezekani."

"Mficha uchi hazai, Baba Kanana. Ama umwambie mtoto Askofu amehamishwa parokia."

Karwirwa aliuza uji wa kuchacha sokoni, kutoka kibuyu ambacho hakikuoshwa kamwe, kwa kuwa chachu ya kesho ilikaa katika masalio ya leo. Mwaka wa mvua za El Nino, kipindupindu kilipokuwa kikisikika huku na kule, Mbaabu alifika, akamwaga uji, akakisugua kibuyu kwa maji ya moto na sabuni, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wateja, ili wajifunze. Chachu hiyo Karwirwa alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wake. Ilibidi akaombe nyingine kwa jamaa wa mbali, na wateja wake walisema mwaka mzima kwamba si ile. Kipindupindu hakikufika Kianjai, jambo ambalo Mbaabu na Karwirwa kila mmoja alilieleza kwa njia yake. Tangu hapo walisalimiana kanisani kila Jumapili kwa upole uliowatia hofu waumini waliokaa kati yao.

Alipofika kibandani na sponji yake ndani ya mfuko, wateja kwenye benchi walisogeleana. Mteja mmoja alificha bakuli nyuma ya mgongo.

"Muga, Bwana Afya," Karwirwa alimsalimu kwa Kimeru. "Si ulisema umestaafu?"

"Nimestaafu, mama."

"Basi umekuja kunywa."

"Nimekuja kuomba bwawa."

Akaeleza. Hakutaja kibuyu, na Karwirwa hakutaja kibuyu, nacho kilikuwa kimening'inia hapo katikati yao. Mama akanyoosha mkono, akaitwaa sponji, akaigeuza, akainusa pande zote bila haraka.

"Inanuka sabuni."

"Niliiosha vizuri."

"Ndiyo nasema. Hii haiwezi kuingia kwa bwawa yangu. Iko na samaki." Akamrudishia. "Kasuuze. Ikitoka harufu, ulete nitaangalia tena."

Katika maisha yake ya kazi Mbaabu alikuwa ametamka maneno ya namna hiyo mara nyingi, na sasa ndipo alipojua yanasikikaje. Alikwenda mtoni. Akasuuza, akakamua, akanusa, akasuuza. Siku ya tatu alirudi. Karwirwa alinusa, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayejitahidi kupata kosa na kulikosa.

"Hii sawa. Kuna jambo moja." Akakishusha kibuyu. "Bwawa langu likikubali kuchafua sponji yako, tumbo lako nalo likubali kibuyu changu."

"Mama, daktari amenikataza vitu vichachu."

"Daktari gani? Huku daktari si ni wewe?"

Benchi likacheka. Yule mteja akatoa bakuli lake mgongoni, akanywa kwa sauti ili kumwonyesha njia. Mbaabu alimfikiria Askofu, ubavu wake ukiwa juu ya maji. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa.

Uji ulikuwa mzuri. Hilo hakulitarajia, na lilimuudhi kuliko ugonjwa ambao angeupata.

Wiki zilizofuata alibeba ndoo za maji asubuhi na jioni kumshikilia Askofu hapa duniani, na kila alipokwenda kutazama sponji bwawani alipitia kibandani, kwani Karwirwa alisema ushuru hulipwa kila mtu anapovuka. Mmoja tu alibaki na Askofu, kadogo, kamekata tamaa. Sponji ilipotolewa bwawani ilikuwa na utelezi wa kahawia na ndevu za kijani. Celina aliiona ikipita sebuleni, ikichuruzika maji, akakaa chini.

"Baba Kanana, hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwa tangi."

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Maji yalivurugika, kisha yakatulia. Siku zikapita, ndoo zikapungua. Asubuhi moja Mbaabu alimkuta Askofu chini kabisa, akichimbua kokoto kwa mdomo kama mtu aliyedondosha senti, mwili wima, kofia imenyooka. Yule mdogo alikuwa nyuma yake, akimfuata kama shemasi.

Kanana alirudi Disemba. Kabla ya kusalimia vizuri alipiga magoti mbele ya tangi. Akahesabu. Akahesabu tena. Machozi yalimtoka kwa watatu, kama alivyoahidi, huku kidole chake kikimfuata Askofu kwenye kioo. Kisha akaiona sponji.

"Lakini baba! Hii uchafu yote ni ya nini? Wewe?" Alikuwa tayari amekunja mkono wa sweta. "Niletee sabuni niioshe."

"Usiiguse!" Mbaabu alisema, kwa sauti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya machinjio. Kanana akautoa mkono. Jikoni, Celina alisimamisha kisu juu ya kitunguu, kwani katika ndoa yao yote hakuwa amewahi kumsikia akimzuia mtu kuosha kitu.

Siku hizi Mbaabu hufika sokoni kila asubuhi. Wauza nyama wakimwona akishuka njia panda huvaa makoti meupe, maana hakuna aliyewaeleza kwamba hana tena mamlaka, na yeye haoni haja ya kuwaeleza. Huwapita, akaketi kwenye benchi la Karwirwa.

"Askofu hajambo?" mama huuliza, akimimina.

"Hajambo."

"Na hujaosha?"

"Sijaosha."

Karwirwa hukizungusha kibuyu mara moja, masalio yakashika ukuta, akakitundika kama kilivyo. Mbaabu hutazama upande wa pili.