Mtoto wa Mtu wa Mionzi

Mtoto wa kwanza wa dada yangu alianza kukaa kitako akiwa bado hajapewa jina. Kwa watu wa mumewe, Wateso wa Molo, nje kidogo ya Tororo, jina si la kuchaguliwa na mama. Bibi mzaa baba huchovya kidole katika ajon, pombe ya wimbi, akakitia kinywani mwa mtoto huku akiwataja mababu mmoja mmoja. Mtoto akinyonya kidole kwa jina fulani, babu huyo amerudi, na mtoto ni wa boma. Asiyetiwa kidole kinywani ni mgeni: hana kaburi la kuonyeshwa, hana shamba la kurithi. Dada yangu alikingoja kidole hicho kama mwenye mgonjwa anavyongoja homa ishuke.

Sisi ni Wasamia wa Masinya. Mama yetu aliuza samaki wakavu Busia, asubuhi upande huu wa mpaka, mchana upande wa pili, akiifuata bei. Shemeji alimwona dada pale, nyuma ya kapu la samaki. Yeye hakujua Kisamia, dada hakujua Kiteso, kwa hiyo walitongozana kwa Kiswahili, kile cha soko la mpakani kinachovunja kila kanuni na bado kinauza. Walioana kwacho, waligombana kwacho. Nilipohamia kwao Tororo ili nisome, niliwasikia wakinong'onezana kwacho nyuma ya ukuta wa chumba changu, nikaamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya mapenzi ya dunia nzima.

Shemeji alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mbung'o. Baba yake alikuwa amekufa kwa malale. Alisinzia juu ya jembe, akasinzia juu ya chakula, mwishowe hakuamka. Shemeji alimchukia mbung'o kama mtu anavyomchukia jirani aliyemloga mzazi wake. Nchi ilikuwa changa, bendera bado ina rangi ya dukani, na serikali ilikuwa imeunda ofisi yake ya atomi. Si ya bomu, walisisitiza. Ni ya amani, ya hospitali na mashamba. Kilichotufikia sisi kutoka ofisi hiyo kilikuwa chumba kimoja chenye ukuta mnene na sanduku zito la madini ya risasi, na ndani ya sanduku kitu kilichotoa mionzi usiku na mchana bila kuwaka wala kutoa moshi. Mbung'o madume waliingizwa humo, wakatoka wakiruka vilevile, wakinyonya damu vilevile, wakiwaendea majike vilevile, ila mbegu yao imekufa. Shemeji aliwatia doa jekundu mgongoni kwa ncha ya unyasi, akawapeleka porini katika vizimba vya chandarua, akawaachia.

"Leo nimewapamba mabwana harusi," alimwambia dada jioni moja, akikwangua rangi kwenye kucha.

"Na mabibi harusi?"

"Wako porini wanangoja. Wataolewa, watakaa, watanung'unika."

Dada alicheka, kisha akaacha. Naye alikuwa ameolewa, amekaa. Misimu ya mvua ilikuwa imepita bila mtoto, na kila tulipokwenda Molo mama mkwe wake alilisalimia tumbo kwanza, uso baadaye.

Siku moja watu wa Mwello, kijiji kilichopakana na pori hilo, waliua mbung'o juu ya ng'ombe wao wakawakuta na doa jekundu. Wakasema serikali inafuga nzi na kuwatuma waue ng'ombe. Chifu akaitisha baraza, na kituo kikamtuma mkuu wa chumba cha mionzi, kijana wa nchi yetu aliyekuwa amesoma Ulaya. Watu walimwita Daktari wa Nzi. Shemeji alimfuata nyuma amebeba kizimba. Nami nilikuwepo, maana shule ilikuwa imefungwa.

Alieleza vizuri. Mpaka leo sijamsikia mwalimu aliyeeleza jambo gumu kwa wepesi ule. Alisema mionzi inapita mwilini kama joto la jua linavyopita katika shati, nzi hahisi kitu, lakini jike atakayemkubali hatazaa maisha yake yote. Watu walianza kuitikia kwa vichwa. Ndipo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama.

"Bwana Daktari, hiyo mwanga yako nachagua? Najua huyu nzi, huyu mtu?"

"Haichagui, mama. Ndiyo maana tumeifungia ndani ya risasi."

"Na huyu nabeba sanduku?" Alimwonyesha shemeji kwa kidevu. "Huyu nafungua, nafunga?"

"Huyu yuko salama kabisa."

"Salama. Iko na watoto ngapi?"

Baraza zima likageuka. Daktari wa Nzi, ambaye hakujua, akageuka naye, akamtazama shemeji kana kwamba anangoja tarakimu ya kumsaidia.

"Mungu bado," shemeji akasema.

Kicheko kilichopasuka pale kilifika Molo kabla yetu. Safari iliyofuata, wanaume waliokuwa wameuzunguka mtungi wa ajon walisogeza viti vyao walipomwona.

"Karibu, dume la doa!"

"Mpe mrija mrefu, jamani. Angalau iko na kitu moja mrefu."

"Geuka, ndugu, tuone mgongo. Wamekupaka rangi gani?"

Alicheka pamoja nao, akanywa, akafanya kama anageuza mgongo. Lakini njiani kurudi aliendesha baiskeli mbele yetu peke yake, na hakutungoja kwenye mlima. Mama yake alimsihi aache kazi. "Nikiacha," alimjibu, "nani atamwua aliyemwua baba?"

Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia: dada yangu alipata raha. Mama mkwe alimwomba msamaha bila kutamka neno la msamaha. Alimpa kuku. Alimkalisha karibu naye jikoni, akamfundisha Kiteso cha mboga na cha kuni, akawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe amebeba mzigo wa mwenziwe bila kulalamika. Dada alinenepa kidogo. Aliimba akifua. Nilimpenda sana miezi ile, alikuwa mzuri kama mtu aliyetoka kuoga.

Kisha akapata mimba.

Alimwambia mumewe kwanza, na nikamsikia shemeji akicheka na kulia pamoja nyuma ya ukuta. Jumapili wakaenda Molo kupeleka habari. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mkwe alimtazama usoni, akalitazama tumbo, akauliza kwa Kiteso, kile kile alichomfundisha yeye mwenyewe jikoni, "Ya nani?"

Baada ya hapo kila mtu akawa na kumbukumbu. Wakakumbuka kwamba dada humsaidia mama siku za soko. Wakakumbuka kwamba wanunuzi wa samaki wa upande wa pili ni wanaume, wana pesa, wana maneno matamu. Mzaha wa Mwello, ambao kila mtu alijua ni mzaha, sasa ukawa ushahidi. Serikali yenyewe si ilisema mwanga ule haubagui?

Mtoto alizaliwa Tororo, wa kiume, mzima. Bibi yake hakuja. Dada aliweka kitambaa safi kwenye kiti cha mgeni kila asubuhi, kisha akaacha kukiweka.

Mtoto alipoanza kukaa kitako, mama yetu alikuja kutoka Busia. Kwa mila zetu, na za Wateso pia, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Kwa hiyo mama alikaa nje chini ya ukingo wa paa la jikoni, shemeji akabaki ndani, nami nikasimama mlangoni kupeleka maneno ambayo wote wawili walikuwa wakiyasikia.

"Mwambie mkwe," mama alisema kwa sauti iliyovuka ukuta, "mtoto bila jina ni samaki asiyeanikwa. Hakai."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie kusikia si kwenda."

"Mwambie nitakwenda. Nitamchukua Daktari mwenyewe. Yeye anaujua mwanga ule. Akisema yeye, watanyamaza."

"Mwambie akikawia nitampa jina mimi. Kwetu tuna marehemu wa kutosha."

Shemeji alijua maana yake. Mtoto akichukua jina la wafu wa Masinya, Molo wasingemwita tena. Mtu harudi mara mbili, katika nyumba mbili.

Siku ya kwenda Molo, Daktari wa Nzi alitupakia katika gari la kazi. Alikuwa amevaa tai. Alikuwa mtu mwema. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu kuna miaka niliyomchukia. Ukoo ulikuwa umekusanyika, mtungi wa ajon umewekwa katikati, na bibi alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa dada bila kuombwa. Alimpakata. Nilimwona akimnusa utosini, haraka, kama anayeiba. Alitaka. Hakuna atakayeniambia kwamba yule mwanamke hakutaka.

Baba mdogo wa shemeji ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Bwana Daktari, sisi hapana soma. Wewe natupa neno moja tu. Huyu mtoto yetu, huyu nafanya kazi yako, naweza kuzaa ama hapana?"

"Naamini anaweza. Sanduku ni nene, na tunafuata kanuni zote."

"Kuamini ni ya padri. Wewe unajua?"

Daktari wa Nzi alishika tai yake. Angeweza kusema ndiyo. Mwongo yeyote wa soko la Busia angemwokoa mtoto yule kwa neno moja na kwenda zake kunywa chai.

"Hatujampima kwa jambo hilo," alisema. "Hapa hatuna chombo. Siwezi kusema najua kitu nisichokipima. Lakini hatari ni ndogo. Ndogo sana."

"Hiyo ndogo. Iko ama hapana iko?"

"Ipo," alisema. "Ndogo."

Wazee walitazamana. Mmoja akauvuta mrija wake nje ya mtungi, akaulaza nyasini.

Bibi ndiye aliyekataa yaishie hapo. Alimgeukia mwanawe. Alizungumza Kiswahili, na nadhani alifanya hivyo ili dada asikose neno.

"Wacha huyu wa tai. Wewe ndio nalala na yeye. Sema mbele ya baba zako, mtoto ni yako. Mimi natia kidole sasa hivi."

Kidole kilikuwa juu ya mtungi. Sote tulimtazama shemeji, na yeye alimtazama mtoto, kisha viganja vyake mwenyewe, vile vilivyolifungua na kulifunga lile sanduku tangu ofisi ilipoanza. Kwa miaka yote hiyo yule mwenye tai alikuwa amemfundisha, kwenye meza ya chumba cha mionzi, kutosema zaidi ya alichoona. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Na nadhani kile kicheko cha Mwello, alichokipokea kwa kucheka, kilikuwa kimepita mwilini mwake bila yeye kuhisi.

"Nadhani ni wangu, mama," alisema.

Bibi alingoja. Alimpa nafasi ya kusema tena. Kisha akakikunja kidole, kikavu, ndani ya ngumi.

Dada aliinuka, akamchukua mtoto pale mapajani. Hakupiga kelele.

"Hapa kuna mtu mmoja anayejua," alimwambia mumewe. "Hakuna aliyeniuliza."

Hatukurudi Tororo. Tulitembea hadi barabarani, tukapata lori la mahindi lililokuwa likielekea mpakani, tukafika Masinya kabla ya giza. Asubuhi mama alimpa mtoto jina la kaka yake marehemu, mtu aliyekuwa mkaidi na mpenda watu, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo dada alivisikiliza akiwa ameegemea ukuta, macho makavu. Nami shule yangu ya Tororo ikaishia hapo. Nilianza kubeba kapu la pili la samaki.

Shemeji alikuja wakati wa kiangazi, siku ya soko. Bado alikuwa kituoni. Alikuwa amekonda, na ameleta shati dogo limekunjwa ndani ya gazeti. Mama alimgeuzia mgongo kama mila inavyotaka, akajifunika kichwa, akaendelea kuuza. Dada alilipokea shati, akaliweka juu ya samaki bila kulifungua. Mtoto alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa kapu.

Mnunuzi mmoja kutoka upande wa pili, asiyejua chochote, alimtazama mtoto, akamtazama shemeji, akacheka. "Babake huyo, sivyo? Jamani, wamefanana kama shilingi kwa ya pili! Mpaka masikio!"

Alilipa, akaenda zake na samaki wake.

Shemeji alichuchumaa. Nilidhani atamgusa, lakini mikono aliiweka juu ya magoti.

"Mnamwitaje?" aliniuliza.

Nilimwambia. Ni jina la Kisamia, na ulimi wa Kiteso hupata taabu nalo. Alilirudia polepole, akaliharibu mwishoni, akalijaribu tena kwa sauti ya juu kidogo. Mtoto alikuwa akimtazama nzi aliyetua kwenye kapu. Hakugeuka.